"Hela ya wadudu" inatoka lini? Yanayosemwa na yalivyo

Siku ya soko Tengeru, ukisimama dakika kumi kwenye duka la pembejeo lazima utasikia: "Ile ruzuku ya serikali ya udhibiti husishi wa wadudu inatoka lini?" Anayeuliza anafikiria noti mkononi. Naandika hili kwa sababu nimeona watu wakisubiri hizo noti huku shamba likiisha. Udhibiti husishi ni kuunganisha njia kadhaa, kama mbegu stahimilivu, mitego na usafi wa shamba, na dawa pale inapolazimu.

Hata Marekani, ambako wizara ya kilimo ina mfuko maalumu wa udhibiti husishi, fedha huenda zaidi kwa vyuo vikuu vinavyofanya utafiti na ugani, na zinashindaniwa kwa maandiko ya mradi. Mkulima hupata kinachozaliwa humo: mbegu, mafunzo, taarifa za milipuko. Kwetu Tanzania pia fedha ya umma haina sura ya noti. Ni ndege inayopulizia makundi ya kweleakwelea, wale ndege wadogo walao nafaka. Ni mche wa kahawa kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, unaostahimili chulebuni (ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Mzee wa Kibosho mwenye mibuni ya zamani anabeba bomba la dawa ya ukungu msimu baada ya msimu. Jirani yake mwenye miche ile mipya ameondokana na sehemu kubwa ya gharama hiyo. Kwangu mimi, mche huo ndio ruzuku yenyewe.

Wengine husema ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya bure. Hapana, ni mkopo. Hauna riba, hutolewa kwa vikundi (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), na unarudishwa.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: "Udhibiti husishi ni kuacha dawa, na kantangaze haachi bila dawa kali." Kantangaze, nondo mdogo ambaye funza wake hula nyanya, aliripotiwa nchini mwaka 2014, hapahapa Arumeru, kijiji cha Ngabobo. Chuma jani la nyanya lenye mabaka meupe, ulielekeze juani. Utamwona funza amelala katikati ya ngozi mbili za jani, kinyesi chake cheusi kikiwa pembeni. Dawa ya kugusa itamfikiaje humo? Nilipulizia kila wiki msimu mmojawapo, dawa ileile, nikavuna matunda yaliyotobolewa. Waliobaki hai ndio waliozaa.

Siku hizi naanza na beseni la maji yenye sabuni, juu yake kivutio chenye harufu ya jike. Madume hushuka na kuzama. Asubuhi nawahesabu na kuandika. Majani yenye funza nayachuma na kuyafukia, mabaki ya mavuno siyaachi shambani. Idadi ikipanda, napulizia, tena nabadilisha kundi la dawa, yaani namna inavyoua, siyo jina la chupa tu. Kiuatilifu lazima kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, yenye makao makuu hapa Arusha.

Kwa hiyo ndugu yangu, mlango wa kwanza ni afisa ugani wa kata. Muulize miche, mafunzo, mashamba darasa. Na mtu akikupigia simu kwamba utume hela ya fomu ili uingizwe kwenye orodha ya ruzuku, usitume. Chukua namba yake uipeleke ofisi ya kata.