Mshahara halisi si ule ulio kwenye mkataba

Mpwa wangu alikuja Jumamosi na mkataba wake wa kazi, ameukunja mara nne, na ujumbe wa benki kwenye simu. Mkataba unasema 800,000. Benki imeingia 660,000. "Mjomba, mshahara wangu halisi ni laki nane, si umeuona huu hapa? Wamenikata bila kuniambia."

Hilo neno "halisi" nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, hata kwa watu wenye shahada.

Mshahara ghafi ni kiasi chote kabla ya makato. Mshahara halisi ni kinachobaki baada ya makato, kile unachokishika mkononi. Laki nane ya mpwa wangu ni ghafi. Halisi ni ile laki sita na sitini iliyomuudhi.

Naelewa kosa linakotoka. Katika mazungumzo ya kila siku, halisi ni kitu cha kweli, kisicho cha kuigiza: dhahabu halisi, jina halisi. Kwa hiyo mtu anaona namba yenye sahihi na mhuri ndiyo ya kweli. Lakini neno hili tumelipata kwenye Kiarabu, khalis, kitu kilichotakaswa, kisichochanganyika na kingine. Maana hiyo ndiyo wahasibu waliyoishika. Geuza pakiti ya unga jikoni kwako usome "uzito halisi": ni unga wenyewe, karatasi haihesabiwi. Na ghafi, ambayo wengine wanaidhania ni kitu kibovu, unaijua tayari ndani ya malighafi: pamba ambayo bado haijachambuliwa, korosho ambayo haijabanguliwa. Mshahara ghafi ni korosho na ganda lake.

Ganda la mpwa wangu tulilibangua pale mezani. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 80,000. Ikabaki 720,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haiguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Na 200,000 iliyozidi inatozwa asilimia 20, sawa na 40,000. Jumla ya makato 140,000. Mwajiri hakumwibia hata senti. Na hapo kijana hadaiwi na Bodi ya Mikopo, ile inayowakopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Angekuwa mnufaika, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ingeondoka pia.

Msingi nao ni kitu cha tatu, tusiuchanganye. Ni mshahara bila posho ya nyumba, usafiri na nyinginezo. Ukiahidiwa ghafi ya milioni moja, uliza msingi ni ngapi, kwa sababu siku ukipunguzwa kazini, kiinua mgongo cha kisheria kinapigwa kwa msingi, posho hazimo.

Sasa rudi kwenye usaili. Wanapokuuliza "unatarajia mshahara kiasi gani?", waajiri wengi wana ghafi kichwani, maana bajeti yao imeandikwa hivyo. Wewe una kodi ya nyumba, nauli na ada ya mdogo wako kichwani, kwa hiyo unataja cha mkononi. Mnapeana mikono mkiwa na namba moja na maana mbili. Ili mpwa wangu apate laki nane mkononi, alipaswa kuomba karibu milioni moja: ghafi ya 1,000,000 inaacha 797,000. Tofauti ya laki mbili nzima, na wala hakuwa na tamaa. Alikosa neno tu. Ukiulizwa unalipwa ngapi kwa sasa, mtego ni uleule: ukitaja cha mkononi bila kusema hivyo, wataiandika kama ghafi na ofa itaanzia chini.

Nilimrudishia mkataba wake nikamwambia laki nane aendelee kuiita mshahara, hakuna ubaya, ila aongeze "ghafi" mbele yake. Na kama mwulizaji hakufafanua, amwulize kwa upole: "Ghafi, au cha mkononi?"