Bamvua na maji mafu: yanayosemwa gatini na yaliyo kweli

Msafiri wa Lamu kwenda Pate huuliza maji kwanza, saa baadaye. Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, una sehemu ambazo chombo hukwama maji yakipwa. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, nayo huyafikii kwa boti mpaka maji yaingie kwenye mikoko. Pamoja na mazoea hayo yote, gatini bado kunasemwa mambo ambayo bahari haiyajui.

La kwanza ni kwamba bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja na mwezi mpevu peke yake. Kosa hili linaeleweka, maana mwezi mpevu huonekana na kila mtu, na mwezi ukiandama hakuna wa kuuona ila kwa kuutafuta. Bamvua ni mbili kila mwezi: moja mwezi unapoandama, nyingine mwezi 14 au 15, kwa tarehe za Kiislamu. Mwanga hauhusiki hata kidogo. Siku hizo jua, dunia na mwezi hukaa karibu na mstari mmoja, na mvuto wa jua, ambao athari yake kwa maji haifiki nusu ya ile ya mwezi, hujumlika na wa mwenzake. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa upande mwingine na kupunguza. Ndiyo maji mafu, yanayoangukia kwenye mwezi 8 na mwezi 22 au siku chache mbele. Bahari pia ni nzito kuitika, kwa hiyo bamvua kubwa zaidi hufika siku moja au mbili baada ya mpevu. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwenye maji mafu huwa ndogo sana, kiasi kwamba baadhi ya mafungu ya mchanga hayaonekani kabisa. Bamvua zenyewe hazilingani. Mwezi ukiwa karibu na dunia, kama kilomita 363,000 badala ya 405,000, maji huzidi. Huzidi pia karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta.

La pili ni la saa: "Jana yalijaa saa kumi, na leo saa kumi." Hapana. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi nao umeshasogea, na sisi huchukua dakika hizo 50 kuufikia. Hesabu yake kwa pwani yetu ni rahisi kwa anayefuata tarehe za Kiislamu. Mwezi mosi na mwezi 15 maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kwa kila siku inayopita, ongeza dakika 50. Mwezi 4 ni siku tatu mbele, yaani dakika 150: maji yatajaa karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukifika mwezi 8 utapata karibu saa nne usiku, na ndiyo maana maji mafu hujaa saa zile zile ambazo bamvua hupwa. Ruhusu kosa la nusu saa au zaidi, kwani dakika 50 ni wastani tu: kwenye bamvua nyongeza hupungua, na kwenye maji mafu hupita saa nzima.

Kisha kuna swali linalowashinda wengi: kama mwezi ndio unaovuta, mbona maji hujaa hata ukiwa upande wa pili wa dunia? Wengi hudhani mwezi huinua maji kama sumaku inavyoinua msumari. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa kidogo zaidi kuliko kiini cha dunia. Yaliyo upande wa pili huvutwa kidogo chini ya kiini, kwa hiyo hubaki nyuma. Matokeo ni vilima viwili vya maji. Tofauti hiyo huonekana kwa sababu dunia ina upana wa kilomita 12,700 hivi. Kwa mtu wa mita 1.7 haifiki popote, kwa hiyo mazungumzo ya mwezi kuvuta maji ya mwilini yaachwe barazani.

Wala maji hayajai mwezi ukiwa utosini. Mabara na umbo la bahari huyazuia yasiufuate mwezi moja kwa moja. Usiku wa mpevu mwezi huwa utosini karibu saa sita, lakini Lamu maji hujaa karibu saa kumi.

Dhana inayohatarisha watu ni kuwa maji hupanda kwa mwendo mmoja. Kwenye bamvua, wanaotembea juu ya miamba ya Malindi saa nne asubuhi huona maji yamesimama, wakajipa moyo. Gawa kimo chote, tangu kupwa hadi kujaa, sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama kimo ni mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu. Saa ya tatu ni 90, na ya nne 90 nyingine. Ukiona maji yameanza kurudi kwenye mifereji ya mwambani, geuka. Mifereji hujaa kabla ya mwamba, na ipo kati yako na ufuo.

Jedwali la maji nalo husomwa vibaya. Likiandika mita 2.0, hicho si kina cha hapo ulipo. Ni kimo juu ya alama ya kupimia iliyowekwa karibu na kupwa kukubwa kabisa. Kwenye ramani ya bahari, namba ya kina ijumlishe na kimo hicho. Namba iliyopigiwa mstari chini ni fungu linalokauka, hiyo itoe. Fungu la 1.2 kwenye maji ya 2.0 lina kina cha sentimita 80. Chombo kinachokaa majini sentimita 60 kitapita, lakini kikibeba mzigo wa saruji, usijaribu.

Mwisho, jedwali halina upepo. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, nje ya Shela kwenye mlango wa bahari wa Lamu, maji yanayotoka hukutana na mawimbi yanayoingia kutoka kusini, na mawimbi hufupika na kusimama wima hata kama upepo ni wa kawaida. Mwenye boti ndogo hungoja maji yageuke yaanze kuingia, ndipo apite mlangoni.