Kuhimili mabadiliko ya tabianchi: wakulima wa mwani Zanzibar

Kuhimili mabadiliko ya tabianchi ni kubadili namna ya kulima, kuvua au kuishi ili riziki isikatike pale misimu, joto na maji vinapoacha kwenda kama vilivyozoeleka. Kupunguza gesi joto ni kazi nyingine, na mzigo wake ni wa wanaozizalisha kwa wingi. Mkulima wa pwani hawezi kuipoza bahari. Anachoweza ni kubadili anachopanda, anapokipanda na anavyokiuza.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, na wakulima wengi ni wanawake. Maji ya bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, yakikupwa, huchomeka vigingi, hufunga mbegu kwa taitai (vikamba vyembamba vya plastiki) kwenye kamba, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Wanalima aina mbili. Kotonii ina bei nzuri lakini haistahimili joto: maji mafupi yakipata moto wa kaskazi, mashina hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa sehemu nyingi za Unguja. Wengi wakabaki na spinosamu, iliyo ngumu zaidi kwa joto ila bei yake ni ndogo. Kwa hiyo walihimili, na pato likashuka. Mambo hayo mawili huenda pamoja mara nyingi kuliko tunavyokubali kusema.

Njia nyingine ni kuihamishia kotonii kwenye kina, ambako maji hayapati joto sana. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameijaribu pamoja na wakulima, wakitia mbegu ndani ya nyavu ndefu zenye umbo la bomba ili mawimbi yasiing'oe. Inafaa. Lakini kina kinataka mashua na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufundishwa kuogelea utotoni. Ndiyo maana, kwangu mimi, mafunzo ya kuogelea na mashua ya kikundi vina uzito sawa na mbegu bora. Mradi unaogawa nyavu peke yake umemwacha mkulima ufukweni.

Wengine wamegeukia kuongeza thamani: wanasaga mwani wakatengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka, hivyo kilo chache za spinosamu zikaleta pesa zaidi kuliko zingeuzwa kavu kwa mnunuzi. Jambiani, kijiji cha mashariki ya Unguja, wapo pia waliogeukia kulima sponji, viumbe laini vya baharini vyenye matundu.