Kompyuta mbili, kebo moja, na bado hazionani: anzia chini

Kompyuta mbili ziko nyumba moja, zimeunganishwa kwa kebo, zote zinawaka, na bado moja haiioni nyingine. Wengi wanaoniita kwa tatizo hili nakuta wameshapita kila ukurasa wa mipangilio. Wamezima hiki, wamewasha kile, wameondoa antivairasi, wamebadilisha jina la kompyuta, na wapo waliofika hadi kupiga Windows upya. Tatizo la kwanza bado lipo palepale, na juu yake yameongezeka mengine yaliyoletwa na matengenezo yenyewe.

Ninachomsisitizia kila anayetaka kuiweza kazi hii ni kwamba asiguse mpangilio wowote mpaka ajue mazungumzo yanakatikia wapi. Waya lazima upitishe ishara, kadi mbili za mtandao zikubaliane kasi, kila kompyuta iwe na anwani, zitafutane zipatane, fayawoli (ulinzi unaochuja mawasiliano yanayoingia) iruhusu, ndipo folda ifunguke. Ya juu haiwezi kuwa nzima kama ya chini imekufa. Kwa hiyo tunapanda kutoka chini, na hatupandi kabla hatujathibitisha pale tuliposimama.

Kabla ya yote, zima Wi-Fi kwenye kompyuta zote mbili. Laptopu iliyo kwenye Wi-Fi na kwenye kebo kwa wakati mmoja ina njia mbili za kutokea, na mfumo ndio unaochagua. Mara nyingi utachagua kebo, lakini kebo ikifa unahamia Wi-Fi kimyakimya, nawe unabaki unapima kitu kingine kabisa. Funga na VPN kama ipo. Baadhi yake zimepangwa kuzuia mawasiliano yote ya ndani ya nyumba.

Sasa tazama taa za tundu la kebo, kwenye kompyuta na kwenye swichi (kisanduku cha kuunganishia kebo nyingi) au ruta. Kama hakuna inayowaka, huna haja ya kufungua ukurasa wowote wa mipangilio isipokuwa kuhakikisha kadi ya mtandao haijazimwa. Chomoa kebo, ichomeke tena mpaka kilimi cha plastiki kilie. Kilimi kilichovunjika hukiacha kichwa kikae tunduni kana kwamba kimeshika, kumbe ukisogeza meza kidogo kinarudi nyuma na mawasiliano yanakatika. Taa ikigoma bado, hamia tundu jingine la swichi, kisha jaribu kebo nyingine, kimoja baada ya kingine, usibadilishe viwili kwa pamoja. Ni vizuri kuwa na kebo fupi ya kiwandani unayoijua kuwa nzima, ya kupimia tu.

Taa ikiwaka, watu hupumua na kusema kebo ni nzima. Hapo ndipo nataka tukae.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane, jozi nne zilizosokotwa. Kasi ya megabiti 10 na ile ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, ambayo kiwango chake cha kebo ya shaba kilipitishwa mwaka 1999, inataka jozi zote nne. Kwa hiyo kebo yenye waya wa kahawia uliokatika inaweza kuwasha taa, ikapeleka intaneti, ikafungua kurasa bila shida, huku imeshuka hadi megabiti 100. Kadi nyingi hujishusha zenyewe bila kukuambia. Nyingine hung'ang'ania gigabiti: taa inawaka sekunde chache, inazima, inawaka tena, na mtumiaji anaapa kwamba tatizo ni ruta.

Kwenye Windows fungua PowerShell uandike Get-NetAdapter, kisha soma safu ya LinkSpeed. Kwenye Linux tumia ethtool ukiipa jina la kadi. Kama kadi mbili na swichi vyote ni vya gigabiti na wewe unasoma megabiti 100, mshukiwa wa kwanza ni kebo. Hata bila amri hizo utaijua: unanakili faili kubwa, na kasi inasimama kwenye megabaiti 11 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), haipandi wala haishuki. Gigabiti nzima hukupa kama 110. Ukiona 30 au 40, kebo huenda haina kosa, angalia kama adapta ya mtandao au diski ya nje imechomekwa kwenye USB 2.0, maana hapo ndipo USB 2.0 huishia.

Kebo ikishukiwa, kishike kichwa chake ukielekeze kwenye mwanga. Plastiki yake inapitisha mwanga, na ndani utaziona nyaya nane zimepangwa. Kilimi kikiwa upande wa chini na ncha ikielekea mbele, mbali nawe, kwa mpangilio wa T568B utasoma kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kisha tazama ncha zenyewe. Kila waya ufike ukutani mwa plastiki, mbele kabisa. Uliopungua hata milimita moja au mbili, kijembe cha dhahabu kinashuka mahali pasipo na waya, au kinaugusa kwa pembeni tu, na huo ndio unaofanya kazi asubuhi na kukataa jioni. Mwisho tazama nyuma: ganda la nje la kebo liingie ndani ya kichwa na kubanwa. Kama nyaya nyembamba za rangi zinaonekana nje ya kichwa, basi kila kebo inapovutwa ni zile nyaya zinazobeba mzigo.

Kuna kosa moja ambalo tesa ya kawaida ya taa nane, yaani kifaa cha kupimia kebo, hailioni. Fundi anapanga rangi kwa jozi moja moja kwa sababu zinapendeza hivyo: chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili, na anafanya vilevile upande wa pili. Tesa inawasha taa zote nane kwa mfuatano na kila mtu anaridhika. Lakini pini 3 na 6 zinatakiwa zitoke kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, na hapa zimetoka jozi mbili tofauti. Msokoto ndio unaozuia waya mmoja kuchafua ishara ya mwingine; ukiupoteza, kebo fupi inaweza kuvumilia, ila ndefu itajaa makosa. Tesa ya bei ndogo inajibu swali la kama umeme umepita. Haisemi kama data itapita salama.

Tazama pia metali yenyewe. Kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe-nyeupe badala ya wekundu wa shaba, kebo hiyo ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Inavunjika kirahisi ikikunjwa na upinzani wake ni mkubwa, na mimi siipitishi ukutani kwenye nyumba yoyote. Urefu wenyewe nyumbani ni nadra kuwa tatizo, kwa kuwa kikomo ni mita 100 toka kifaa hadi kifaa.

Mambo mawili ya haraka kabla hatujapanda. Kasi ya kadi iache ijipange yenyewe. Ukiilazimisha upande mmoja megabiti 100 ya pande mbili kwa wakati mmoja huku mwingine uko kwenye kujipanga, ule wa pili utaangukia kwenye kuzungumza kwa zamu: ping (amri ya kuita kompyuta nyingine uone kama inajibu) itapita vizuri, faili kubwa litatambaa. Na kama taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja, kwa kasi, na nyumba nzima imepoteza mtandao, tafuta kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ileile. Swichi ndogo za nyumbani nyingi hazina kinga dhidi ya mzunguko huo.

Waya umethibitika. Sasa anwani. Andika ipconfig kwenye Windows au ip addr kwenye Linux, kwenye kompyuta zote mbili, na uandike matokeo kwenye karatasi, moja kando ya nyingine. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Kama iko nyuma ya ruta, hiyo ni dalili kwamba ombi halifiki, au huduma ya DHCP, inayogawa anwani, imezimwa kwenye ruta. Lakini kama umeunganisha kompyuta mbili moja kwa moja bila ruta, 169.254 si kosa hata kidogo. Zote mbili zitajipa anwani za jamii hiyo na zitazungumza. Ukipenda anwani za kudumu, ipe moja 192.168.50.1 na nyingine 192.168.50.2, zote na barakoa (subnet mask) ya 255.255.255.0, na sehemu ya geti (gateway) uiache tupu. Wala usitafute ile kebo ya zamani iliyopishanishwa nyaya. Kadi za gigabiti hujigeuza zenyewe.

Hali inayowasumbua watu zaidi hapa ni ya ruta mbili. Nyumba ilikuwa na ruta moja, ikaongezwa ya pili ili Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma, na kebo kutoka ya kwanza ikachomekwa kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ile ya pili. Kompyuta moja inasoma 192.168.1.20, nyingine 192.168.0.15. Zote zina intaneti, ndiyo maana hakuna anayeshuku kitu. Lakini ni mitandao miwili, na iliyo kwenye ruta ya kwanza haiwezi kuanzisha mazungumzo na iliyo nyuma ya ile ya pili. Ipange ruta ya pili iwe kituo cha Wi-Fi tu. Kama haina chaguo hilo, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, zima DHCP yake, kisha hamishia kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Ukihamisha kebo na kusahau DHCP, utakuwa na wagawaji wawili wa anwani kwenye mtandao mmoja, na kila kompyuta itakuwa mali ya aliyewahi kuijibu.

Anwani zikiwa za jamii moja, piga ping kutoka moja kwenda nyingine kwa namba, si kwa jina. Ikijibu, ruka mpaka kwenye folda. Isipojibu, soma maneno yenyewe, kwa sababu Windows inakuambia vitu viwili tofauti. Ukiona "Destination host unreachable" na imetoka kwenye anwani yako mwenyewe, maana yake kompyuta yako iliita mtandaoni kuuliza anwani ile ni ya nani, na hakuna aliyeitika. Rudi chini: kebo, swichi, anwani. Ukiona "Request timed out", jambo ni jingine kabisa: mara nyingi kompyuta ya pili ilishajitambulisha, ila haikuijibu ping.

Ili kuhakikisha, baada tu ya ping andika arp -a. Orodha itakayotoka inaonyesha kila anwani ya IP pamoja na namba ya kadi iliyojibu kwa anwani hiyo. Linganisha na namba halisi ya kadi ya kompyuta ya pili, unayoipata kwa ipconfig /all. Zikifanana, umepata jibu kubwa: waya ni mzima, swichi ni nzima, anwani ni sahihi, na kinachokuzuia ni programu iliyo kwenye kompyuta ya pili. Fayawoli inaweza kuikataa ping, lakini haizuii kujitambulisha huku kwa kawaida, kwa sababu bila huko hakuna mawasiliano yoyote kwenye kebo. Namba isipofanana, kuna kifaa kingine kilichochukua anwani hiyo, labda printa au simu. Amri hii ndiyo ninayoiona inaokoa muda kuliko zote, na ajabu ni kwamba watu wengi hawaijui.

Kwa fayawoli ya Windows, angalia kwanza mtandao umeandikwa kuwa wa aina gani. Ukiwa wa umma, kompyuta inajificha na inakataa wanaoiita, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa ukiwa hotelini. Nyumbani ugeuze uwe wa faragha, kisha ruhusu kushiriki mafaili na printa. Ruhusa hiyo ndiyo inayofungua na ping. Usiizime fayawoli nzima ukaiacha hivyo. Kama antivairasi ina fayawoli yake, ifanyie vivyo hivyo. Kisha, kutoka kompyuta ya kwanza, jaribu kwa PowerShell mlango wenyewe wa mafaili, ukiweka anwani ya kompyuta ya pili: Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445. Jibu likiwa True (kweli), mtandao umemaliza kazi yake.

Folda ikikataa hapo, ni suala la jina au la nywila. Andika \\192.168.1.20 kwenye kisanduku cha anwani cha dirisha la mafaili. Ikifunguka kwa namba na kukataa kwa jina, kinachokosekana ni utambuzi wa majina, na kompyuta kutoonekana kwenye ukurasa wa Network hakuna maana kwamba haifikiki. Ikiomba nywila na kukataa unayoipa, kumbuka kwamba PIN ya kuingilia Windows haitumiki mtandaoni; inatakiwa nywila halisi ya akaunti iliyo kwenye kompyuta ya pili. Akaunti isiyo na nywila kabisa, Windows haiiruhusu kuingia kupitia mtandao. Na Windows 11 Pro toleo la 24H2, la mwaka 2024, limefunga kuingia kama mgeni, hivyo folda iliyofunguka miaka yote kwenye diski ya zamani ya mtandao inaweza kukataa baada ya sasisho. Dawa yake ni kutengeneza akaunti yenye nywila kwenye diski hiyo.

Kila kitu kikifunguka, ingia kwenye ruta uitengee kompyuta yenye folda anwani yake ya kudumu kwa kutumia namba ya kadi yake, ndipo utengeneze njia ya mkato. Vinginevyo siku ruta itakapowashwa upya, kompyuta inaweza kupewa anwani nyingine, na njia ya mkato itakuwa inaelekeza kusiko na mtu.