Je, wajua kwa nini nukta 19 zinatosha kulichora Jiwe la Bismarck?

Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga jijini Mwanza, lina nyufa na madoa yasiyohesabika. Kijana mmoja wa hapa, mchoraji wa kompyuta, amelichora kwa rangi mbili na mstari mmoja, na mwenyeji yeyote akiuona mchoro huo hulitaja jiwe papo hapo. Inawezekanaje?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa si sahihi. Niliamini mchoraji wa namna hii anaanza na picha kamili, anafuta kidogo kidogo, na kinachobaki tunakitambua kwa sababu ya mazoea tu. Nikajaribu. Nilichukua picha ya simu, nikapunguza maelezo sawasawa kila upande, na mwisho likabaki donge. Jiwe ninalopita kila wiki! Mazoea yangetosha, ningelitambua donge lile. Kumbe kupunguza si kazi yenyewe. Kazi ni kujua kipi hakiguswi.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, Fred Attneave, alichukua umbo la paka aliyelala, akaweka nukta 38 pale tu mstari wa mwili unapopinda zaidi, kisha akaziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Paka akaonekana paka. Habari za umbo, kumbe, hazikusambaa sawa kwenye mstari. Zimerundikana penye kona.

Fikiria unavyomwelekeza mgeni kutoka Kirumba hadi Kamanga. Humhesabii hatua. Unamwambia pa kukata kona, na katikati ya kona mbili unamwacha atembee. Jicho nalo ni mgeni wa namna hiyo: lipe kona, njia iliyobaki litaijaza lenyewe.

Programu za kuchorea zinafuata njia hiyohiyo, kwa hesabu alizozitangaza mhandisi Pierre Bézier wa Renault miaka ya 1960 alipokuwa akisanifu mabodi ya magari. Kati ya nukta na nukta mstari hupinda kama ufito mbichi ulioshikwa ncha zote mbili: geuza kiganja kimoja, na ufito wote unabadili mkao, ingawa hujaugusa katikati.

Kijana huyu alianza kwa kuandika majina ya mitumbwi pale Mwaloni, kwa brashi nene isiyoruhusu mbwembwe. Anampenda Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, mara nyingi mnyama mmoja tu juu ya rangi tupu.

Ikumbukwe kwamba paka wa Attneave anaeleza kutambua, haelezi uzuri. Tena si kila kitu kina kona. Ziwa halina, ndiyo maana kijana huyu huliacha tupu na kuweka mstari mfupi chini ya jiwe.

Nilipomuuliza kuhusu nukta zake 19, alifungua faili. Akafuta moja ya ubavuni, sikuona tofauti. Akairudisha, akafuta ile ya shingoni, pale jiwe la juu linapolikalia la chini. Jiwe likageuka kilima cha popote.