Tumbawe la Jua Halili Jua

Wiki iliyopita niliitwa nyumbani kwa mzee mmoja hapa Maskati, Mwomani aliyezaliwa Unguja, nikaangalie tumbawe analolifuga katika tangi la maji ya bahari sebuleni, ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa "limesusa". Alikuwa ameshanunua taa mpya yenye bei inayokaribia mahari, na ameishusha hadi ikabaki shubiri mbili juu ya maji. Tumbawe lenyewe lilikuwa limejikunyata chini ya mwanga huo kama mgonjwa aliyelazwa juani. "Ami," nikamwambia, "hili halijasusa. Hili lina njaa." Akaniuliza ni njaa gani hiyo, ilhali taa inawaka saa kumi na mbili kwa siku. Ni mara ya tano mwaka huu kuulizwa swali hilo, na kwa kuwa sikuweza kumkaripia mzee wa watu sebuleni kwake, hasira zangu nimeamua kuzimalizia hapa.

Tumbawe tunalolizungumzia ni lile la rangi ya chungwa ambalo wauzaji huliita tumbawe la jua. Kwa jina la kitaalamu ni Tubastraea, na mara nyingi huwa ni Tubastraea coccinea. Limepewa jina la jua kwa sababu polipu wake, yaani wanyama wadogo wanaolifanya tumbawe, wanapofunguka hufanana na jua lenye miali ya manjano. Hiyo ndiyo sababu pekee. Jina hilo limeua matumbawe mengi kuliko ugonjwa wowote ninaoufahamu, kwa sababu mnunuzi akisikia "jua" huenda moja kwa moja kununua taa. Baharini viumbe hawa hukaa chini ya majabali yaliyoinama, katika mapango na kwenye kuta zenye kivuli ambako mkondo unapita kwa nguvu, na hufungua mikono yao hasa usiku, wakati vidudu vidogo vya baharini vinapopanda kutoka chini. Hawana ndani ya miili yao ule mwani usioonekana kwa macho ambao huwalisha wenzao wa miambani. Hawana hata chembe. Ukiwawekea taa ya uwanja wa mpira, watakufa kwa njaa huku wakiwa wameangaziwa vizuri.

Nadhani lugha yetu nayo imechangia kosa hili. Tumbawe tunalipa upatanisho wa jiwe na jani: limeota, limevunjika, limekauka. Hakuna anayesema "tumbawe ameshiba". Lakini polipu ni mnyama, ndugu wa yavuyavu na anemoni, mwenye mdomo mmoja, tumbo moja, na mikono iliyojaa seli za sumu za kukamatia windo, na ndiyo maana katika makala haya polipu nitamwita "huyu" wala si "hii". Tusijilaumu kupita kiasi, hata hivyo, kwa kuwa wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiyahesabu matumbawe kuwa mimea hadi karne ya 18, na daktari wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, alipowaambia wakubwa wa elimu kwamba yale waliyoyaita maua ni wanyama, hawakumwamini. Hata matumbawe yenye mwani, yale ambayo kweli yanahitaji taa, hayaishi kwa mwanga mtupu: mwani huyapa sukari kwa wingi, lakini sehemu ya nitrojeni na fosforasi ya kujengea mwili huipata kwa kuwinda. Tumbawe la jua halina mwani huo wa kulikopesha. Ama linakula kwa mdomo, ama halili.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko hata taa. Mwenye tangi akishakubali kwamba mnyama huyu hula, atakujibu hivi: "Lakini nilimpa chakula na hakufungua mdomo, kwa hiyo hana njaa." Hoja hiyo imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Polipu akiwa wazi anatumia nguvu, kwa maana lazima aujaze mwili wake maji na kuishikilia mikono yote ikiwa imenyooka katika mkondo, na mnyama ambaye kwa miezi miwili amefungua mikono kila usiku bila kupata kitu huacha kufungua. Anajifunga ili abane matumizi. Kwa hiyo tumbawe la jua lililofungwa usiku na mchana si tumbawe lililoshiba, bali mara nyingi ndilo lenye njaa kali kuliko yote dukani, na lile linalochanua saa nane mchana kwa kunusa tu maji ya chakula ndilo linalolishwa vizuri. Nimewahi kumsikia muuzaji akimwambia mteja achukue lililofungwa kwa sababu "limetulia". Limetulia, ndiyo, kama mtoto mwenye utapiamlo alivyotulia.

Dalili nyingine hazina utata. Nyama ya rangi ya chungwa inayounganisha polipu mmoja na mwingine hupungua, mifupa myeupe ikajitokeza katikati, kisha mwani wa kijani ukaota juu ya mifupa hiyo, na polipu wakabaki kama vifungo vilivyoshonwa kila kimoja peke yake. Tumbawe la Ami lilikuwa limefika hapo. Kati ya polipu thelathini na kitu, niliwahesabu kumi na saba waliokuwa bado na rangi.

Kabla ya kulisha, kagua. Kuna konokono mdogo wa manjano na koa wa baharini asiye na gamba, Phestilla melanobrachia, ambao hula matumbawe ya ukoo huu na huchukua rangi yake, hivi kwamba unaweza kuwatazama uso kwa uso usiwaone. Tafuta mayai yao kwenye sehemu za chini. Watu wengi hulichovya tumbawe katika maji yenye iodini kabla ya kuanza matibabu. Mimi nimechovya na nimeacha kuchovya, na kwa uaminifu sijawahi kuona tofauti ninayoweza kuapia. Kuhusu maji yenyewe sina mengi: chumvi gramu 35 kwa kilo, joto la nyuzi 25, ualkali kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH, mkondo wa wastani usiompiga polipu usoni. Kama maji yako hayako hivyo, rekebisha hayo kwanza.

Kulisha ndiko kwenye kazi. Unga wa chakula cha matumbawe unaokorogwa tangi zima nauweka kando, kwa kuwa skima, ile mashine inayochuja uchafu wa maji kwa povu, huula wote kabla ya polipu kujua kilichotokea. Ninachofanya ni kukata chupa ya plastiki ya maji, kuondoa kitako, na kulifunika tumbawe humo ndani ya tangi huku pampu zimezimwa na mdomo wa chupa ukiwa juu. Kisha, taa zikishazimwa, ninapitisha kwenye mdomo wa chupa maji yaliyotoka katika uduvi wa kugandishwa ulioyeyushwa. Maji tu, bila nyama. Halafu ninangoja. Nusu saa, dakika arobaini na tano. Huenda usiku wa kwanza usione chochote, na wa pili, na wa tatu, na hapa ndipo wateja wengi hukata tamaa na kunipigia simu kwamba dawa haifanyi kazi. Si dawa, ni harufu. Unamshawishi mnyama aliyekwisha kufunga hesabu kwamba safari hii kuna malipo, na lazima umpelekee harufu hiyo saa ileile kila usiku mpaka aamini.

Polipu akionyesha ncha za mikono, hata kama ni duara jembamba la manjano tu ukingoni, mpe chakula kidogo sana kwa bomba la sindano lisilo na sindano: vifaranga vya artemia, wale vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, au uduvi uliosagwa. Mtu aliyefunga siku nyingi hafuturu kwa sinia zima la pilau. Nimeshuhudia polipu waliokonda wakipewa kamba mzima na mwenye huruma nyingi, wakammeza, wakamtapika saa chache baadaye, na mabaki yakaozea midomoni mwao. Baada ya wiki moja au mbili, mikono ikishakuwa mirefu, ndipo uduvi mzima unapofaa, kipande kimoja kwa kila mdomo. Ndiyo, kila mdomo. Polipu jirani hugawana kiasi fulani pale nyama inapowaunganisha, lakini kwa tumbawe lililokonda nyama hiyo ndiyo iliyokwisha, kwa hiyo kila mmoja ni mgonjwa wa kitanda chake.

Halafu linda mlo. Kamba wasafishaji, ambao kila mtu huwanunua kwa sababu ni wazuri, huja na kuchomoa chakula kutoka ndani kabisa ya mdomo wa polipu, bila haya, na kaa waishio katika makombe huwafuata. Chupa isiondolewe mpaka midomo imefungwa juu ya chakula. Na kwa kuwa unaingiza chakula kingi kila usiku, nitrati na fosfati zitapanda. Nyonya mabaki na ubadilishe maji kila wiki, la sivyo mwani utakaofuata utaifunika mifupa ile uliyokuwa ukitarajia nyama irudi juu yake.

Je, nyama hurudi? Mara nyingine. Mifupa iliyofichuka majuzi, ikiwa bado nyeupe na safi, nimeiona ikifunikwa tena katika miezi mitatu au minne. Iliyokwisha kuota mwani mgumu, kwangu, haijawahi kurudi, ingawa wapo wenzangu wanaonionyesha picha. Pia nimelisha polipu kwa siku kumi, wakafunguka, wakala, kisha wakayeyuka siku ya kumi na mbili, na sina maelezo. Kuhusu kulitoa tumbawe na kulilisha katika bakuli la pembeni, nilikuwa nikifanya hivyo zamani nikaacha, kwa kuwa nilishuku kwamba kulibeba kila usiku kunalichosha. Huenda nilikosea, maana mwenzangu mmoja anatumia bakuli tu na matumbawe yake ni manene kuliko yangu.

Kinachonichekesha na kunikasirisha kwa pamoja ni kwamba mnyama huyu si dhaifu. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, lakini mwaka 1943 alikwisha kuonekana Karibiani, na katika miaka ya 1980 aliingia Brazili, inaaminika kwa kung'ang'ania majukwaa ya mafuta, ambako leo watu humng'oa kwa nyundo na patasi kwa sababu anawasonga wenyeji wa miamba. Pale anashambuliwa kwa chuma na anaendelea kuzaa. Hapa anakufa katika tangi la lita mia nne, mbele ya sofa, chini ya taa ya bei ya mahari.

Ami alinipigia usiku wa tisa, saa tano kasoro, akinong'ona kana kwamba anaogopa kuwaamsha. Polipu sita walikuwa wamefunguka. Aliniuliza kama inafaa amtoe kamba msafishaji na kumhamishia katika tangi la mjukuu wake, kwa sababu amemkamata mara mbili akiiba. Nikamwambia inafaa. Na ile taa, je, airudishe dukani? Nikamwambia hiyo aulize duka.