Nani alikwambia sonona ni ya Wazungu?

Juzi kaka mmoja alimleta dada yake kliniki. Hata faili sijafungua, akaniwahi: "Sista, huyu haumwi. Ana mawazo tu. Hiyo sonona ni ya Wazungu, babu zetu hawakuwa nayo." Sonona ni ule ugonjwa wa akili ambao Kiingereza huita depression. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili hapa Tanga miaka 14. Maneno hayo nimeyasikia kwa shehe, kwa mchungaji, kwa mwalimu mkuu, na inaniuma kusema, hata kwa tabibu mwenzangu. Leo nimeona niyaandikie.

Dada mwenyewe alikaa kimya, anakunja upindo wa kanga na kuukunjua. Faili lake lilikuwa nene: malaria hakuna, taifodi "ipo kidogo", U.T.I. mara nne, ultrasaundi mbili, dawa za vidonda vya tumbo. Nikamuuliza anasikia nini. Akaweka kiganja kifuani. "Hapa pamekwama kama tonge. Mwili wote unawaka moto. Saa tisa usiku usingizi unakatika, naangalia dari mpaka adhana." Kaka alikuwa ameshanidokeza kwamba dada anauza vitumbua, nikamuuliza ameacha lini. "Tangu Maulidi. Mchele naloweka, halafu siwezi kuamka kuusaga. Unachacha, namwaga." Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Hakutaja huzuni hata mara moja. Wengi hawaitaji. Watasema moto, tonge, moyo kwenda mbio, wadudu wanaotambaa kichwani. Mhudumu anayesubiri mtu atamke "nina huzuni" ataandika U.T.I. ya tano.

Halafu hilo neno "mawazo tu". Hiyo "tu" ndiyo inayonitoa jasho. Kiswahili chetu kinajua vizuri kabisa kwamba mawazo yanaua. Tunasema fulani kakondeshwa na mawazo, mawazo yamemmaliza, na tunakwenda msibani. Ugonjwa usiokuwepo haupati jina. Zimbabwe, Washona wanauita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alijenga tiba nzima juu ya neno hilo: kina bibi waliofunzwa, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanatafuta tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na kina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sasa turudi kwa babu zetu. Kaka yangu, unajua nani aliandika kwamba Mwafrika hapati sonona? Daktari wa kikoloni, J.C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Andiko lake lilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alisema sonona kwetu ni nadra, kwamba Mwafrika hana mazoea ya kujilaumu, na kwamba hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo. Alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Hayo ndiyo tunayoyarudia vijiweni tukidhani tunatetea mila.

Kosa lake la hesabu ni jepesi kuliona. Alihesabu waliofikishwa Mathari. Nani alifikishwa? Aliyevua nguo barabarani, aliyechoma nyumba. Mama aliyelala kwenye mkeka ameupa mgongo mlango, nani angempeleka Nairobi? Hata leo, anayepelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, kwa haraka ni yule anayerusha mawe. Miaka ile ile ya 1950, Margaret Field, mwanaanthropolojia aliyerudi shule kusomea magonjwa ya akili, alikwenda kukaa kwenye matambiko ya Waashanti, Ghana. Huko ndiko alikowakuta wenye sonona, wengi wao wanawake, wamekuja kujishitaki wenyewe kwamba ni wachawi. Hao hao walioambiwa hawajui kujilaumu.

Wapo watakaosema ni majini; hayo nitayapitia haraka. Sikukatazi kwenda kwa mganga au kusomewa. Ninachokataza ni kufungwa kamba, kuchapwa, na kuachishwa dawa. Na niseme kweli: nimeona wanawake wakitoka kwenye ngoma ya pepo wakiwa wamepata nafuu ya kuonekana. Usiku kucha watu wamemzunguka, wamemsikiliza, na pepo amedai kwa mume vitu ambavyo mke asingethubutu kuviomba. Nguvu iko wapi hapo, sina hakika, lakini naiona.

Nina shaka nyingine. Dodoso letu la maswali tisa la kupima sonona linauliza habari za wiki mbili zilizopita. Dada huyu alipata alama za juu, sawa. Ila ana deni la kikoba. Je, aliacha vitumbua kwa sababu ya sonona, deni likapanda? Au deni lilitangulia, likamletea sonona? Vitabu vinanipa fomu yenye kisanduku kimoja cha kujaza. Nimemwanzishia amitriptilini, dawa ya sonona, nikamweleza kwamba mdomo utakauka tangu siku za mwanzo lakini nafuu itachukua wiki mbili, tatu, hata zaidi, asiache njiani. Kaka yake nimempa kazi ya kumkumbusha, na nimemwomba hilo neno "tu" aliache getini.

Deni halitibiki kwa kidonge. Kwa ridhaa yake nimemwita mwenyekiti wa kikoba, anakuja Alhamisi. Nitamwomba wasimamishe riba mpaka dada huyu aweze tena kuamka saa kumi kusaga mchele.